Mkono Uliofunga Ramadhani

Moto wa jikoni kwa Bi Mwanaidi ulikuwa hauzimwi. Ukishamaliza kupika unakusanya makaa katikati ya mafiga, unayafunika kwa majivu, na ukiutaka moto tena unafukua na kupuliza. Zamda alifundishwa hivyo na mama mkwe wake wiki ile ile alipoolewa kuja Kwamsisi, na kwa miaka minne alifunika makaa kila siku bila kuyawaza. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, Zamda akiwa uani anaanika mahindi, mwanawe Yusra wa miaka mitatu aliona majivu yamelala meupe na laini kama unga wa muhogo. Akataka kusonga ugali. Akauzamisha mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo.

Zamda alipofika, Bi Mwanaidi alikuwa amekwishamkamata mtoto na anamkamulia dawa ya meno kiganjani. Kiganja hakikuwa chekundu. Kilikuwa cheupe, na hilo ndilo Zamda alilokuja kulikumbuka baadaye kuliko ukelele.

Zahanati waliwaambia hapo haiwezekani, nendeni Korogwe. Pikipiki iliwatoa mpaka Mkata, ambako Sharifu, mumewe Zamda, alikuwa anauza mayai ya kuchemsha na maji kwenye mabasi. Sharifu aliacha ndoo ya mayai kwa mwenzake, akawapandisha basi la kwanza lililosimama. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akishike.

Walikaa hospitali wiki tatu. Nesi aliyekuwa akimsafisha Yusra aliitwa Rosina, Msambaa wa Mpale, mwanamke mwembamba aliyezungumza haraka na mikono yake ikienda haraka kuliko maneno. Siku ya kuruhusiwa alileta kipande cha plastiki ngumu kilichopindwa kwa kufuata kiganja kilichonyooka, ndani kimetandikwa sponji, pamoja na bandeji mbili. Bi Mwanaidi alikiita kibao, na tangu hapo wote wakakiita kibao. Nesi alikaa ukingoni mwa kitanda akamgeukia Bi Mwanaidi, maana yeye ndiye mkubwa.

"Mama, umewahi kushona mdomo wa gunia la mahindi?"

"Nimeshona magunia wewe hujazaliwa."

"Basi kidonda cha moto nacho kinajishona hivyo hivyo. Mwili ukikosa ngozi hauna pa kununua nyingine. Unachukua kingo za kidonda unazivuta zikutane, kama unavyovuta uzi wa gunia. Juu utaona kimefunga, kikavu, kizuri. Ndani uzi bado unavutwa. Unavutwa miezi sita, unavutwa mwaka. Na kovu halijui kwamba hapa kuna vidole, lenyewe linavuta tu. Likikuta vidole limevikunja."

"Eee," alisema Bi Mwanaidi.

"Kwa hiyo kidonda kikishafunga, msiache kufunga. Usiku afunge, mchana afungue. Mchana achezeshe vidole, mmpake mafuta, mlikandekande kovu. Usiku akilala anakunja ngumi mwenyewe bila kujijua, ndiyo maana usiku kibao kisikosekane. Mwezi ujao mrudi nimwone."

"Tumekuelewa, mwanangu. Mungu akulipe."

Zamda alikuwa amesimama nyuma, mtoto mgongoni. Alikuwa na maswali matatu. Bandeji ikazwe kiasi gani? Akilia sana, ifunguliwe au iachwe? Ngozi mpya ikipasuka, je? Maswali yalimfika mdomoni, yakakaa hapo. Alikuwa mtu wa hivyo tangu shule. Aliiachia darasa la tano, mwaka ambao mwalimu alimsimamisha asome mbele ya wenzake na sauti ikakataa kutoka, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo, mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni, Zamda alipenda kuitikia kwa kichwa. Aliitikia. Nesi akaondoka.

Nyumbani kibao kikawa vita. Kila jioni Yusra akikiona kinatolewa alijitupa chini. Alisema kinawasha, kinauma, kinamla. Zamda alikaza bandeji, na usiku alilala akisikiliza mtoto anavyojikwaruza ukutani. Asubuhi alipofungua, vidole vilikuwa vimenyooka kama alivyoviacha. Kovu lilikuwa jekundu na linang'aa, lakini kiganja kilifunguka chote. Alikibandika kwenye shavu lake akakisikia kipana.

Ikaenda hivyo wiki mbili. Kisha mwezi ukaandama.

Siku ya pili ya Ramadhani, asubuhi, Bi Mwanaidi alikuwa barazani anachambua kunde na Hafsa, jirani yao, mwanamke ambaye ulimi wake haukulala hata akiwa na swaumu. Yusra alikuja akiomba maji. Bibi yake akamtazama, akacheka.

"Njoo hapa, mke mwenzangu. Unawaona watu wazima? Wote tumefunga. Wewe huwezi, tumbo lako dogo. Lakini mkono wako unaweza. Tuufungishe mkono?"

Mtoto alifikiri. Akanyoosha mkono.

Kibao kikaletwa. Bi Mwanaidi akafunga bandeji, na Yusra hakulia. Alisimama wima kama mtu anayepimwa nguo.

"Huo mkono umekula daku?" Hafsa aliuliza.

"Umekula," alisema Yusra.

"Umenuia?"

"Umenuia."

"Basi shauri yako. Ukiufungua kabla ya adhana utalipa siku hiyo, na kuku wa kafara mimi ndiye nitakayemla."

Walicheka mpaka Bi Mwanaidi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Adhana ya magharibi ilipotoka, Yusra alikuwa wa kwanza mkekani. Bibi yake alimfungua bandeji, akamchovya kidole kwenye uji wa pilipili manga, akakitia mdomoni mwa mtoto. "Mkono umefuturu," akasema. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mkono unafunga alfajiri, unafungua magharibi. Wanawake waliopita kuelekea kisimani walisimama waulize mkono wa Yusra umeamkaje na swaumu, na mtoto aliwaonyesha kibao kwa fahari, bandeji imekazwa vizuri, safi.

Usiku alilala huru, amekunja ngumi chini ya kidevu.

Siku ya nne Zamda alimfuata mama mkwe wake jikoni. Alikuwa ameipanga sentensi tangu alasiri.

"Mama, yule nesi alisema afunge usiku."

Bi Mwanaidi hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Usiku, mchana, si saa kumi na mbili zile zile?"

"Alisema usiku ndiyo mtoto anakunja."

"Mama Yusra. Mtoto alikuwa analia nyumba nzima haikai. Sasa halii. Mwenyewe anakidai kibao. Unataka alie?"

"Hapana, mama."

"Haya. Nipe chumvi."

Zamda akampa chumvi. Hakuwa amedanganya. Kweli hakutaka mtoto alie, na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, yeye mwenyewe alikuwa analala usingizi. Aliuonea aibu usingizi ule, lakini aliulala.

Siku ya kurudi hospitali ilikuwa imeandikwa kwenye kadi. Zamda aliisoma, ingawa polepole. Iliangukia katikati ya mwezi mtukufu, na mvua ilikuwa imeshika, kila mwenye jembe yuko shambani. Bi Mwanaidi alisema watakwenda baada ya Idi. Sharifu kwenye simu alisema hivyo hivyo. Kadi ikarudishwa kwenye mfuko wake wa nailoni.

Idi ikafika. Yusra alivalishwa gauni jipya la kijani, akapakwa hina mkono wa kushoto tu, kwa kuwa wa kulia kovu lilikuwa halishiki rangi. Hafsa alipoingia na sinia ya maandazi alimkuta anazungukazunguka uani, mkono mtupu.

"Yusra, leo mkono wako mbona unakula hadharani?"

"Leo Idi," alisema mtoto. "Kufunga haramu."

Ilibidi Hafsa aweke sinia chini. Bi Mwanaidi aliirudia kauli ile nyumba kwa nyumba aliyokwenda kutoa mkono wa Idi, akiigiza hata sauti, na kila alipoisimulia watu walisema mtoto huyu atakuwa mwalimu wa madrasa. Kibao kikapandishwa juu ya ukuta, pale yanapochomekwa majembe.

Kesho yake jioni Zamda alikitoa huko. Bi Mwanaidi alimwona.

"Hicho cha nini tena?"

"Afunge, mama."

"Nesi alisema mpaka kidonda kifunge." Akamvuta mtoto, akamgeuza kiganja. "Kitazame. Hakina usaha, hakina maji. Kimefunga."

Zamda alitazama. Ni kweli kilikuwa kimefunga. Alijaribu kuyakumbuka maneno ya nesi kama yalivyokuwa. Kidonda kikishafunga, msiache kufunga. Au ni msiache kufunga mpaka kidonda kifunge? Aliyageuza kichwani, akayarudia, na kila alivyoyarudia ndivyo neno lilivyozidi kumteleza, mpaka likawa mlio tu. Yeye ni wa darasa la tano. Huyu mbele yake amelea watoto saba, na hakuna hata mmoja mwenye kilema. Ndani kabisa alijua alichokisikia. Lakini alichokisikia kilikuwa chini sana, na mama mkwe alikuwa karibu.

Siku ya tatu alijaribu tena, safari hii kwa mlango wa mzaha, kwa sababu mzaha ndio uliokuwa unasikika katika nyumba ile. Bi Mwanaidi alikuwa ameanza kufunga sita za Shawali. Zamda akasema, kwa sauti ndogo na huku anatabasamu, "Mama, na mkono wa Yusra si ufunge hata hizo sita?"

"Sita ni sunna," alisema Bi Mwanaidi. "Mkono umemaliza faradhi, uachwe upumzike."

Hafsa alicheka. Sharifu, aliyekuwa amekuja kwa sikukuu, alicheka. Zamda naye alicheka, akakirudisha kibao juu ya ukuta.

Kidole kidogo ndicho kilichotangulia. Mwezi wa tano kilianza kuinamia kiganja. Ukikivuta kilikuja, ukikiachia kilirudi. Kovu nalo lilinyanyuka, likawa jekundu la kukoza, gumu kama kamba ya katani iliyolowa, na likawa linawasha hivi kwamba Yusra alijisugua kwenye mafiga yale yale. Kisha cha pete kikafuata, kisha cha kati. Hakuna siku ambayo ungesema ndiyo leo mkono umejikunja. Zamda aliupima kila asubuhi kwa kuutia shavuni kwake, na kila baada ya siku chache alihisi umekuwa mdogo.

Hakuna aliyelizungumza. Walikuwa wanapalilia.

Lililowafumbua macho lilikuwa sahani. Jioni moja ya mwezi wa saba, wamekaa mkekani, Bi Mwanaidi alimwona mjukuu wake anakula kwa mkono wa kushoto. Akampiga kofi jepesi kwenye kidole.

"Kwa mkono gani?"

Yusra akaangalia chini.

"Nakuuliza, mke mwenzangu. Watu wanakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Haya."

Mtoto alipeleka mkono wa kulia kwenye ugali. Kilichofika kilikuwa ngumi, na gumba na kidole cha shahada vimechomoza pembeni. Alisukuma tonge kwa vifundo. Akalinyanyua kidogo, likaanguka. Akalisukuma tena. Hakulia, wala hakumtazama mtu. Alikuwa anafanya kazi aliyoagizwa. Tonge lilianguka mara tatu kabla Zamda hajalichukua na kumlisha.

Bi Mwanaidi hakumaliza chakula chake. Baadaye alipasha mafuta ya nyonyo, akamweka mtoto mapajani, akaanza kuvivuta vidole kimoja kimoja, kwa nguvu, kama anayefungua mkono wa mtu aliyeficha kitu. Yusra alipiga kelele. Kovu likachanika katikati, damu ikachuruzika juu ya mafuta. Bi Mwanaidi akauachia, akabaki amekaa na mikono yake hewani. Kidonda kile kilichukua mwezi kupona, na kilipofunga kikawa kimevuta zaidi.

Ndipo Zamda alipompigia Sharifu simu, mwenyewe, bila kumwambia mtu. "Kesho nampeleka mtoto Korogwe," alisema. Sharifu aliuliza mama amesemaje. Zamda akasema, "Sijamuuliza." Sharifu akasema atawasubiri Mkata.

Asubuhi alipotoka na mtoto, alimkuta Bi Mwanaidi amekwishavaa, amekaa barazani na mkoba mapajani. Mkobani kilichomoza kibao.

Nesi Rosina alimkumbuka mtoto kabla ya kuwakumbuka wao. Aliuchukua mkono, akaugeuza, akabonyeza kovu mpaka likawa jeupe, akaliachia likarudia wekundu wake. Haraka yake yote iliisha.

"Mlifunga?" aliuliza.

"Tulifunga," alisema Bi Mwanaidi.

"Usiku?"

Bi Mwanaidi alitazama dirishani. Nesi akamngoja. Chumba kilikuwa na watu wengine, na mwanamume mwenye mguu wa plasta aliacha mazungumzo yake asikilize. Zamda alihisi uso umemwaka kama siku ile mbele ya darasa. Sauti ilikwama pale pale ilipokwama siku zote. Aliungoja mkono wa mtu mwingine uivute, na hakuna aliyeivuta. Akaona Yusra anajaribu kuvua kofia ya kalamu ya nesi kwa ngumi.

"Tulifunga mchana," alisema. "Mwezi mmoja. Mwezi wa Ramadhani."

"Sikuulizi swaumu, dada. Nauliza kibao."

"Kibao ndicho ninachokisema. Mkono wake ulifunga. Alfajiri tunaufunga, magharibi tunaufungua na sisi tunafuturu. Ulipomalizika mwezi, tukaacha."

Nesi alimtazama, kisha akamtazama Bi Mwanaidi, na maana ikamwingia taratibu. Hakucheka. Alikaa kitandani, pale pale alipokaa mara ya kwanza.

"Nilisema usiku afunge," alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Nilisema afunge."

"Ulisema," alisema Zamda. "Mimi nilikusikia. Nilikuwa najua ni usiku, na nilikuwa najua kwamba kikishafunga tusiache. Nilikuwa najua siku zote."

Bi Mwanaidi aligeuka kutoka dirishani. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukaninyamazia."

Zamda angeweza kusema nilikwambia jikoni, ukaniomba chumvi. Ilikuwa kweli. Lakini alichosema jikoni hakikuwa kusema, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Nilikunyamazia," alisema.

Daktari aliitwa Erasto, mwanamume wa makamo aliyeongea na mtoto kwanza kabla ya kuongea na wakubwa. Aliwachorea nyuma ya karatasi. Atalikata kovu kwa kukingama, avinyooshe vidole, na pale patakapobaki wazi atapandikiza ngozi ya kutoka pajani.

"Mmchune pajani?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Ngozi nyembamba, mama. Paja litapona, litabaki na alama."

"Kwa hiyo mnaondoa kovu, mnaweka kovu."

"Ndiyo. Kovu halifutiki. Mtu akikwambia anafuta kovu, shika mfuko wako. Mimi ninachoweza ni kulihamisha likae mahali ambapo halitamkunja." Akakishika kidole kidogo cha Yusra, akajaribu kifundo chake. "Hivi viwili nadhani vitarudi. Hiki sina hakika. Kifundo kimekaa kimekunjwa muda mrefu, kimeanza kushikana. Mngekuja mwezi wa tano..."

Safari hii Zamda aliuliza. Bandeji ikazwe kiasi gani? Akilia sana, je? Ngozi ikipasuka? Aliuliza kwa sauti iliyopotea katikati ya maneno, na daktari akamwambia arudie, naye akarudia. Alikuwa amechukua kalamu ya nesi. Aliandika majibu nyuma ya kadi kwa herufi kubwa za mtoto wa shule: USIKU. Chini yake: HATA KIKIFUNGA.

Walikata mwezi wa tisa. Vidole viwili vilirudi. Kidole kidogo kilinyooka nusu, kikagoma.

Miezi iliyofuata haina mengi ya kusimuliwa. Kila jioni, jua likizama, Zamda alimketisha Yusra kitandani akamfunga kibao kipya, na kila jioni mtoto alilia. Hakukuwa na mzaha wa kumlaghai. Alilia, akaomba, akamwita baba yake, akamwambia mama yake kwamba hampendi. Zamda alikaza bandeji mpaka kidole chake kimoja kiweze kupenya chini yake, kisizidi, kama alivyoambiwa, akamshikilia mpaka alipochoka. Mchana alilikanda kovu kwa mafuta, dakika kumi, mara tatu, akihesabu kwa midomo. Bi Mwanaidi alikuwa hawezi kukaa. Kibao kikitolewa aliinuka, akajitanda kanga, akaenda kwa Hafsa, akarudi kumekuwa kimya. Hakumwita Yusra mke mwenzangu tena. Alimwita kwa jina. Kati yake na mkwewe waligawana kazi vizuri, wakapeana chumvi, na lile neno la hospitalini lilikaa nao jikoni kama mtu wa tatu.

Ramadhani ikaandama tena. Siku ya kwanza, jua likielekea kuzama, mkeka ulikuwa umetandikwa, uji umemiminwa, tende ziko sahanini. Hafsa alikuwa amekuja kufuturu nao. Yusra, sasa wa miaka minne, alikaa kando ya mama yake.

"Mama, mwaka huu mkono wangu utafunga?"

Hafsa alifungua mdomo, akaufumba. Bi Mwanaidi alitazama uji.

"Mkono wako haufungi," alisema Zamda. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika mwisho wa mkeka. "Kufunga ni kwa watu. Mkono wako unalala na kibao. Kila siku. Ramadhani na Idi na siku zote, mpaka daktari aseme."

Adhana ikatoka. Hafsa akasema bismillahi, akachukua tende. Zamda hakuchukua. Ndiyo ilikuwa saa ya kibao. Alikivuta kibao kutoka nyuma yake, akamgeuza mtoto, akauweka mkono juu ya sponji. Yusra aliangalia watu wanavyokunywa uji, akaangalia bandeji.

"Nyote mmefungua," alisema. "Mimi ndiyo mnanifunga."

Hakuna aliyecheka. Akaanza kulia, kwanza taratibu, kisha kwa sauti yote. Zamda alipitisha bandeji chini ya kiganja, juu, chini. Vidole vitatu na gumba vililala sawa kwenye kibao. Kidole kidogo kilibaki kimeinama katikati ya hewa, hakigusi sponji, na kila siku Zamda alikipitishia bandeji kwa taratibu kuliko vingine ingawa daktari alikwishamwambia kwamba hicho basi.

Mtoto aliuvuta mkono. Bandeji ikaponyoka. Zamda akaanza upya. Safari hii mkono mwingine, mkavu na wenye mishipa, ulikuja ukaushika mkono wa mtoto juu ya kifundo, ukautuliza. Bi Mwanaidi hakuwa amekwenda kwa Hafsa, kwa kuwa Hafsa alikuwa hapo. Au kwa sababu nyingine. Hakumtazama mkwewe. Alishikilia tu, huku Yusra anamlilia bibi yake amwokoe, bibi, bibi, na uso wa bibi umegeukia ukutani.

"Kaza hapo," alisema hatimaye. "Umelegeza."

Zamda akakaza. Akapenyeza kidole chini ya bandeji kupima, akafunga fundo. Uji ulikuwa umepoa. Tende ya Bi Mwanaidi ilikuwa bado iko katika mkono wake mwingine, imebonyea, hajaionja.